Mtoto ana mafua na kesho kuna swimingpuli, aende?

Kila likizo hapa Moshi wazazi wananipigia na swali hilohilo, mtoto ana mafua na kaalikwa bethdei hotelini, kuna kuogelea, aende asiende? Mi huwa nauliza kwanza, tumbo lake likoje?

Ijumaa moja kaja mama na wanawe wawili. Mkubwa kamasi zinamtoka, homa hana, anachezea stetoskopu yangu, huyo ndo kavishwa masweta mawili na kaambiwa kesho haendi. Mdogo kaharisha siku tatu, "huyu kapona daktari, kaacha tangu jana jioni", na nguo yake ya kuogelea ya bluu naiona inachungulia kwenye mkoba. Yaani kinyume kabisa!

Mafua bila homa, anakula, anacheza, mwacheni aogelee jamani. Akitoka mkausheni, mvisheni nguo kavu, baridi ya Juni na Julai huku mnaijua. Nimonia inaletwa na vijidudu, sio maji ya baridi. Ila akiwa na homa au anapumua kwa shida, huyo aletwe hospitali.

Wa kuharisha ndo ananiumiza kichwa mana akishaacha bado vijidudu vinatoka na choo, na pampasi haizuii kitu ndani ya maji, na watoto wanayameza maji yale kila wakicheka. Hesabu saa 48 tangu kuharisha kuishe. Msiniambie kuna klorini, klorini inaua vingi haraka lakini kuna kimoja kinaitwa kriptosporidiamu kina gamba gumu, kinaweza kuishi zaidi ya siku 7 kwenye maji yaliyotiwa klorini vizuri tu, kwa hiyo kipimo cha choo kikionyesha hicho mtoto akae nje ya maji wiki 2 baada ya kuacha kuharisha.

Sikio linalotoa usaha, macho mekundu yenye tongotongo, tetekuwanga ambayo malengelenge hayajakauka yote, nao wasubiri. Pumu iliyotulia aogelee, inhela iwe karibu.

Na mifereji ya mashamba ya mpunga kule Moshi chini hata mtoto mzima wa afya asiingie, kuna konokono wa kichocho, na kichocho kinapita kwenye ngozi bila hata kumeza maji.

Basi Jumamosi mkubwa akaenda bethdei. Mdogo nilimwambia mama asubiri Jumapili, alilia sana pale mlangoni, nguo ya bluu kaikumbatia.