Roboti ya kwenye video na kasi yake halisi

Tukiona video ya roboti ya chuo kikuu ikikunja taulo, wengi huamini inafanya yote yenyewe, tena kwa kasi ileile tunayoiona. Mara nyingi sivyo. Video moja iliyosambaa mwaka 2010 ilikuwa imeharakishwa mara 50. Taulo moja ilichukua zaidi ya dakika 20 kwa wastani. Watafiti wenyewe walilisema wazi, ila maelezo nani husoma?

Roboti nyingine huongozwa na mtu aliye kando, kashika rimoti. Tafuta alama kama 2x au 10x (yaani kasi mara 2 au mara 10) pembeni mwa skrini. Tazama na wanaopita nyuma: wakikimbiakimbia kama siafu, video imeharakishwa. Kisha uliza: roboti ilifaulu mara ngapi, katika majaribio mangapi?