Dawa za kulegeza misuli hufanya kazi wapi hasa?

Keti ukining'iniza miguu, daktari akugonge kwa kinyundo chini kidogo ya pia ya goti. Mguu unaruka kabla hujaamua lolote. Hiyo ndiyo refleksi. Kano ikigongwa, msuli wa mbele ya paja huvutika. Neva hupeleka habari hadi ndani ya uti wa mgongo, na pale pale neva nyingine huuamuru msuli ujikaze. Ubongo haukuulizwa.

Ila mzunguko huu una breki zake. Ndani ya uti zimo seli zinazomwaga kemikali za kutuliza, GABA na glisini, na ubongo nao hutuma amri za kupoza. Kiharusi au ajali ya mgongo ikikata amri hizo, refleksi hupita kiasi: jaribu kuukunjua mkono wa mgonjwa haraka, nao unazidi kukakamaa. Pepopunda ni kali zaidi. Sumu yake huzuia GABA na glisini zisimwagwe, ndiyo maana kishindo cha mlango tu chatosha kumpinda mgonjwa mgongo kama upinde.

Kwa hiyo nyingi ya dawa tunazoziita za kulegeza misuli haziugusi msuli. Baklofeni, iliyotengenezwa Uswisi mwaka 1962 kwa nia ya kutibu kifafa, huiga GABA. Hushika ncha ya neva iletayo habari na kuzuia kalsiamu isiingie. Bila kalsiamu, ncha haimwagi glutamati, kemikali ya kuamsha neva inayofuata, ya kutosha, na amri ya kujikaza hufika dhaifu. Goti likigongwa sasa, mguu huruka kidogo. Diazepamu, anayopewa pia mgonjwa wa pepopunda, haiigi GABA bali huiongezea nguvu ile iliyopo.

Dantroleni ndiyo huingia ndani ya msuli wenyewe. Na zile za chumba cha upasuaji, kama suksamethoni, hukata mawasiliano pale neva inapokutana na msuli, hata pumzi ikasimama. Lazima mgonjwa apumulishwe.

Anayetumia baklofeni kwa muda mrefu asiiache ghafla. Uti uliokwisha kuizoea hubaki bila breki, na degedege au kuchanganyikiwa vinaweza kufuata. Dozi nayo hupandishwa taratibu, kwa sababu wapo wagonjwa ambao ukakamavu huohuo wa miguu ndio unaowawezesha kusimama. Ukiuondoa wote, wanaanguka.