Kubandikwa si kudungwa: kipimo cha vibandiko ni kipi hasa

Lamu siku hizi kila mtu ana aleji. Huyu ana aleji ya vumbi, yule ya kamba, mwengine ati ana aleji ya bosi wake. Hilo la bosi tuliache. Linalonikera ni la fundi mwenye mikono iliyopasuka na kuwasha, ambaye huenda hospitali, akarudi na karatasi na kutangaza barazani: "Nimepimwa aleji, sina." Jumatatu yuko kwenye simiti kama kawaida. Ukimuuliza alipimwa vipi, atakwambia alitolewa damu, au alidungwa vijisindano mkononi akasubiri robo saa. Basi hakupimwa lile lililompeleka, ambalo hupimwa kwa vibandiko.

Kipimo cha vibandiko chenyewe hakina makuu. Kemikali zinazoshukiwa huchanganywa kwa kiasi maalumu, nyingi ndani ya vaselini, zikatiwa kwenye vijikombe vidogo vya alumini au plastiki, kisha vikabandikwa kwa plasta sehemu ya juu ya mgongo. Hukaa hapo saa 48. Vikibanduliwa, daktari huitazama ngozi, halafu huitazama tena siku moja au mbili baadaye, na wako wanaotaka kuiona hata siku ya saba. Palipovimba na kutoa vijipele ndipo penye jibu. Anayehesabiwa kuwa wa kwanza kukieleza ni Josef Jadassohn, daktari wa ngozi wa mji wa Breslau, Ujerumani ya wakati huo, mwaka 1895, kwa wagonjwa waliodhurika na dawa ya zebaki. Kipimo kimelitangulia hata neno aleji, ambalo Clemens von Pirquet alilitunga mwaka 1906.

Sasa kero yenyewe. Mwili una njia zaidi ya moja za kukikataa kitu. Iko ya haraka: mtu anakula kamba, midomo inavimba kabla hajanawa mikono. Hiyo ni kazi ya kingamwili ziitwazo IgE, na ndizo zinazotafutwa na vijisindano vinavyosomwa baada ya dakika 15 hadi 20, na pia na vipimo vya kawaida vya damu vya aleji. Iko na ya polepole: chembe nyeupe za damu hukutana na kemikali, zikaikariri, na ikigusa ngozi tena hujikusanya kwa siku mbili tatu ndipo ngozi iwake. Ukurutu wa fundi, ukiwa ni mzio (ndiyo aleji), uko kwenye njia hii ya pili. Kumdunga na kumsoma baada ya dakika 20 ni kuondoka gatini jahazi halijafika.

Na hapo kuna mkanganyo mwengine, mbaya kuliko wa kwanza: si kila kinachowasha ni aleji. Simiti mbichi ni kali, pH yake hupita 12, na itamuunguza mtu yeyote atakayeipigia magoti mchana kutwa. Chokaa iliyoujenga mji wa kale nayo huunguza. Huko ni kuunguzwa tu, na vibandiko havitaonyesha kitu. Lakini simiti ina jambo ambalo chokaa kwa kawaida haina: chembechembe za kromiamu inayoyeyuka, na hiyo ndiyo inayozaa mzio. Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2005 unakataza simiti yenye kromiamu hiyo kupita sehemu 2 kwa milioni. Ukiiweka mikono ya mtu aliyeunguzwa karibu na ya mwenye mzio, macho hayatenganishi: zote ni kavu, zimepasuka kwenye viungo vya vidole, zinawasha usiku. Kinachotenganisha ni kijikombe cha dikromati ya potasiamu, yenye kromiamu ile ile, asilimia 0.5, mgongoni.

Mafundi wana jibu lao kwa haya: "Mie simiti naishika tangu utotoni, leo ndiyo initie aleji?" Naam, leo. Mzio huu haumjii asiyewahi kugusa. Huja kwa kugusa, na unaweza kuchukua miaka. Ukishaingia, aghalabu hautoki. Tena yuko aliyepewa glavu za mpira ajikinge, mikono ikazidi. Ndani ya mpira mna thiuramu, dawa ya kuukomaza, nayo ina kijikombe chake.

Saluni nazo zina "kipimo" chao, kutia tone la rangi nyuma ya sikio. Ni tahadhari kabla ya kupaka nywele, haijafika kuwa kipimo cha hospitali. Ila wanaogopa kwa haki. Piko tunayowapaka mabibi harusi ni rangi ya nywele, na ndani yake mna kemikali ya rangi iitwayo PPD. Ulaya huiruhusu kwenye rangi za nywele, si za ngozi, isizidi asilimia 2 ikichanganywa. Kwenye vibandiko huwekwa asilimia 1. Sisi tunaichora mkono mzima bila kupima. Hina ya majani haina hatia hii.

Wala usijibandike mwenyewe nyumbani. Hadina, ile dawa ya kugandisha gundi ya boti za faiba, huchoma ngozi ya yeyote, na donda lake halitakwambia lolote kuhusu mzio.

Najua kwa nini watu hupendelea damu. Vibandiko vinataka safari tatu: ukibandikwa Jumatatu, unabanduliwa Jumatano, unasomwa Ijumaa, na anayevuka Mokowe, gati la bara, itabidi alale huko. Mgongo usilowe, usibebe magunia, usitoke jasho jingi. Udhu haufiki mgongoni, hauna tabu. Josho la Ijumaa ndilo lisubiri hadi alama za kalamu zinazoonyesha vijikombe vilipokaa zisomwe. Tembe za setrizini, za kutuliza mwasho, haziharibu sana kipimo hiki, ingawa huharibu cha vijisindano. Za prednisoloni, ambazo ni steroidi, zinaweza kukiharibu, kwa hivyo mwambie daktari mapema.

Halafu jibu lenyewe linahitaji kuulizwa. Nikeli ikiwaka mgongoni, huenda ni ya saa ya mkononi, haihusiani na kazi hata kidogo.

Kwa hivyo fundi akisema amepimwa na hana, hakuna haja ya kumbishia. Muulize tu alibandikwa au alidungwa. Kama alidungwa, karatasi yake ni sahihi kwa ilichoulizwa, na simiti haikuulizwa. Akienda tena, achukue glavu zake na mkebe wa anachofanyia kazi, wenye maandishi, na asipande basi kurudi kabla ya usomaji wa pili.