Kwa nini kinga iliyo imara huipisha saratani?

Mgonjwa wa saratani akirudi nyumbani Moshi, ndugu humletea unga wa mlonge, juisi ya rozela na ushauri uleule: kinga imeshuka, ipandishe. Wazo hilo lina mzizi. Tumeishi na UKIMWI miaka mingi, tukaona CD4, seli za kinga, zikishuka na saratani kama ya Kaposi ikijitokeza. Lakini wagonjwa wengi wa saratani hawana upungufu wa namna hiyo. Mara nyingi kinyama cha uvimbe kikiwekwa chini ya hadubini, seli T, zile za kinga zinazoua seli zilizoharibika, zinaonekana zimeshaingia ndani kabisa. Zimefika, ila hazipigi.

Mfikirie mlinzi wa ghala la kahawa. Ameagizwa asimguse mwenye kitambulisho cha kampuni, na agizo ni jema, vinginevyo angewapiga wafanyakazi. Seli T nazo hubeba protini iitwayo PD-1, na tishu zenye afya zinaweza kuionyesha protini nyingine, PD-L1, ambayo ndiyo kitambulisho: mimi ni wa humu, tulia. Saratani nyingi huonyesha kitambulisho hichohicho. Mlinzi akimwona mwizi nacho, anampisha na gunia begani. Mlishe mlinzi huyo mlonge asubuhi na jioni, atanenepa, na mwizi atapita vilevile.

James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani walipata tuzo ya Nobel mwaka 2018 kwa kuonyesha jinsi ya kuondoa vizuizi vya aina hii. Dawa kama pembrolizumabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2014, huifunika PD-1, na kitambulisho hakisomeki tena. Wapo wagonjwa wa melanoma, aina ya saratani ya ngozi, iliyosambaa, waliokuwa wakihesabiwa miezi, ambao wameishi miaka. Hilo linastahili kushangiliwa. Hata hivyo wengi hawaipati nafuu hiyo, bei ni kubwa mno kwa familia ya kawaida, na mlinzi asiyesoma vitambulisho huweza kuwapiga wafanyakazi: utumbo, mapafu au tezi ya shingo huvimba. Kinga iliyozidi nayo huumiza.

Chakula kina nafasi yake, pengine kupitia bakteria wa utumboni. Mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliripoti kuwa wagonjwa wa melanoma waliotibiwa kwa dawa za aina hii na waliokula angalau gramu 20 za nyuzinyuzi kwa siku walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujasonga mbele, hasa wale ambao hawakumeza vidonge vya bakteria wanaosemwa ni wazuri kwa tumbo. Walichunguzwa kwa mlo waliojichagulia, kwa hiyo chanzo chenyewe hakijathibitika. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina zaidi ya gramu 10, hivyo sahani ya kiburu, ndizi zilizopikwa na maharage, inakusogeza mbali.

Kinachonisikitisha ni mgonjwa wa kemo kunyimwa nyama na mayai eti yanalisha uvimbe. Akikonda sana, daktari huweza kulazimika kupunguza dozi. Mpeni ale. Na huo mlonge, daktari auone kwanza, maana baadhi ya mitishamba hubadilisha namna ini linavyozivunja dawa.