Uyoga Hauna Dume: Yanayosemwa Kuhusu Uzazi wa Fangasi, na Ukweli Wake

Mama mmoja jirani alikuja bandani kwangu huku Goba kununua uyoga. Akashika kishada cha mamama, ule uyoga wa oyster, akakigeuza, akachungulia vikunjo vya chini ya kofia, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hapa dume ni lipi?" Swali lilikuwa na msingi. Uani kwake ana mipapai, na ile isiyozaa huikata kwa sababu ni dume. Nilipomjibu kwamba uyoga hauna dume, alinitazama kama mtu aliyefichwa jambo. Nikaona bora niandike.

"Lazima kuna dume na jike"

Mpapai dume unaujua kwa maua yake. Uyoga huanza kama nyuzi nyembamba nyeupe, na nyuzi hizo ndizo zinazooana. Nyuzi mbili zinazooana hazipishani kwa umbo wala kwa ukubwa. Zinapishana kwenye jeni. Mamama una sehemu mbili za vinasaba zinazoamua nani aoane na nani, A na B. Sehemu A hubeba maelekezo ya protini zinazowasha na kuzima jeni nyingine. Sehemu B hubeba feromoni, yaani kemikali ya kuitana, pamoja na kipokezi cha kuinasa feromoni ya mwenzake. Ili uyoga utoke, nyuzi zinazokutana ni lazima zitofautiane kote kuwili. Zikifanana hata sehemu moja tu, ndoa haikamiliki.

Na kila sehemu ina matoleo mengi. Kuna kauyoga kadogo cheupe chenye umbo la upepeo, Schizophyllum commune, kanakoota kwenye magogo. Aina zake za kuoana, yaani michanganyiko ya matoleo ya A na B, zinazidi 20,000. Kila nikiifikiria hesabu hiyo nastaajabu upya. Maana yake ni kwamba karibu kila mgeni ni mchumba halali, ila kwa ndugu waliotoka kofia moja, anayefaa ni mmoja kati ya wanne. Koo zetu nazo hukataza kuoana ndani kwa ndani. Hapa kinachokataza ni protini.

Zikishakubaliana, viini viwili vya wazazi huishi pamoja ndani ya seli moja bila kuungana, na hugawanyika sambamba kadiri nyuzi zinavyosambaa kwenye mfuko wa kuoteshea. Vinakuja kuungana mwishoni kabisa, kwenye vile vikunjo alivyokuwa akivichungulia mama, na papo hapo hugawanyika kutoa spora nne, yaani vichembe vya uzazi.

"Mbegu ya uyoga ni mbegu kama ya mahindi"

Ile chupa ya mtama uliofunikwa na weupe tunayoiita mbegu haina mbegu. Mtama ni chakula tu. Weupe ni nyuzi zilizokwisha kuoana, kwa kawaida zilizooteshwa kutoka kipande cha nyama ya uyoga. Ukitaka kuona spora zenyewe, kata kofia, ilaze juu ya karatasi nyeusi vikunjo vikitazama chini, funika kwa bilauri usiku kucha. Asubuhi utakuta mistari myembamba ya unga mweupe imejichora kama mbavu za samaki. Spora moja peke yake kutoka pale itaota nyuzi nzuri tu, lakini kwa kawaida haitakupa uyoga, hata uihudumie vipi. Ukiotesha nyingi kwa pamoja zitaoana zenyewe, ila utavuna mchanganyiko usioutabiri. Ndiyo maana anayeuza sokoni hutaka mbegu ya kipande.

"Hamira ni dawa ya kuumulia"

Hamira ni fangasi hai. Kwenye bakuli la maandazi huongezeka kwa kuchipua tu, lakini inazo aina mbili za kuoana, a na alfa, na jeni inayoamua imekaa kwenye kromosomu ya 3. Hamira ya porini hata hujigeuza aina: jeni iitwayo HO hutengeneza kimeng'enya kinachokata DNA mahali hapo, na nakala ya aina ya pili huchukua nafasi. Seli mama hugeuka, seli binti iliyochipua punde haigeuki, na hapo mbili hizo zinaweza kuoana.

"Ukungu haujamiiani, unajitawanya tu"

Hata wanasayansi waliamini hivyo kuhusu baadhi ya aina. Aspergillus fumigatus, ukungu unaoshambulia mapafu, ulihesabiwa hauna ndoa mpaka utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Watafiti waliweka aina zake mbili za kuoana pamoja kwenye chakula cha oti (oats), gizani, kwa nyuzijoto 30, wakasubiri miezi 6, na ndoa ikatokea.

Mwaka huohuo ikaripotiwa ndoa ya Aspergillus flavus, na huyu anatuhusu moja kwa moja: ndiye anayeweka sumukuvu kwenye mahindi na karanga, sumu iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016. Anayo jeni iitwayo veA. Katika ndugu yake Aspergillus nidulans, protini ya veA huingia kwa wingi kwenye kiini gizani na kuelekeza ukungu kwenye uzazi wa ndoa, mwanga huipunguza. Kwa A. flavus, ukiiondoa jeni hiyo, sumukuvu haitengenezwi, na hata vile vidonge vigumu ambamo spora za ndoa hukua havitokei. Swichi moja inagusa uzazi na sumu kwa pamoja. Kwa hiyo wanaosambaza shambani A. flavus isiyo na sumu, ili isukume pembeni ile yenye sumu, wanapaswa kujua pia ni aina gani ya kuoana wanayoimwaga, na inaweza kukutana na nani mle udongoni.