Si lazima ubadilishe brauza, na Tab peke yake haitoshi

Hapa Kampala bado kuna watu, hata wale wanaofundisha kompyuta, wanaokwambia kipofu akiingia kwenye wavuti anabonyeza Tab tu mpaka afike, na eti NVDA, ile programu inayomsomea kipofu skrini kwa sauti, inafanya kazi na Firefox peke yake. Hapana jamani.

Tab inaruka kutoka linki hadi linki, batani, sehemu ya kujaza, basi. Maandishi ya kawaida inayapita kama boda inavyokupita kwenye jemu pale Wandegeya, kwa hiyo ukiitegemea hiyo peke yake habari yenyewe hutaisikia. Kwenye NVDA bonyeza H uende kichwa cha habari kinachofuata, K linki, B batani, F sehemu ya fomu, ukishika Shift unarudi nyuma, na Insert na F7 inakufungulia orodha nzima ya linki, vichwa na batani za ukurasa.

Sasa hizo herufi ni za NVDA, si za brauza, ndo maana ukihamia Chrome au Edge zinabaki zilezile. Brauza kazi yake ni kuipa NVDA muundo wa ukurasa, na hapo kweli tofauti ndogondogo zinatokea, batani moja inaweza kutajwa hivi huku na vingine kule, lakini mara nyingi shida ni aliyetengeneza wavuti kaacha batani bila jina. Na ukiona H inajiandika kwenye fomu badala ya kuruka, usiizime kompyuta, bonyeza Insert na Space tu.