Kucheka Si Kuridhika

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye sherehe. Bwana mmoja tuliyeketi naye meza moja, aliposikia kwamba ninafanya tafiti za ustawi wa jamii, alifuta midomo, akaegemea kiti na kuanza kunifundisha kazi yangu. "Wenye furaha ni maskini bwana. Hawana kitu, lakini wanacheka. Sisi wenye pesa tuna presha tu." Nimeshaacha kuhesabu nimeambiwa hivyo mara ngapi. Ila maneno hayo sijawahi kuyasikia kwa mtu asiyejua kesho atakula nini.

Tuanze na swali lenyewe, maana wengi wanalibishia bila kulisoma. Swali linalopanga nchi kwa "furaha" halitaji furaha popote. Ni ngazi ya mwanasaikolojia Hadley Cantril, ya mwaka 1965. Chukulia ngazi yenye vipandio kuanzia 0 hadi 10. Cha juu ni maisha bora kabisa kwako, cha chini ni mabaya kabisa. Kwa sasa umesimama wapi? Basi, limeisha. Gallup, kampuni ya kura za maoni ya Marekani, huuliza kwa kawaida watu wapatao 1,000 katika kila nchi kwa mwaka, na Ripoti ya Furaha Duniani, iliyotoka mara ya kwanza 2012, hupanga nchi kwa wastani wa majibu ya miaka 3. Pato la taifa, umri wa kuishi kwa afya, uhuru, ukarimu, rushwa na kuwa na mtu wa kukusaidia huletwa baadaye, kujaribu kueleza kwa nini wastani umetofautiana. Hayaongezi alama, hayapunguzi. Kwa hiyo tafadhali, msiniambie tena kwamba Ufini imependelewa kwa sababu ina hela. Ilishika namba moja kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025 kwa kuwa Wafini walijipandisha wenyewe. Kama hawatabasamu barabarani, hakuna aliyewauliza habari ya kutabasamu.

Jina la ripoti limeharibu mengi, nakiri. Kiswahili kina raha, furaha, kuridhika, heri, na kila moja lina mahali pake. Mtu hupata raha jioni nzima akarudi kulala hajaridhika na maisha hata chembe. Nikiwa bado mdodosaji mchanga nilimhoji mama mmoja aliyetuchekesha karibu saa nzima, mpaka watoto wakaja kuchungulia dirishani. Tulipofika kwenye ngazi aliweka kidole kwenye 3. Nikadhani hajaelewa, nikaanza kueleza upya. Akanikatiza: "Nimekuelewa, mwanangu. Andika tatu. Ulitaka nikae nalia mbele ya mgeni?"

Kicheko kile kilikuwa adabu, na pengine silaha. Mpita njia angekiona akaenda kuhadithia kwamba maskini wana furaha.

Sasa pesa. Kipato kikipanda, watu hujiweka juu zaidi kwenye ngazi, ila kwa uwiano: anayepata 100 akiongezwa 100 hupanda takriban sawa na mwenye 10,000 aliyeongezwa 10,000. Ndiyo maana nyongeza ile ile humbadilishia mmoja maisha na mwingine haioni. Mwaka 1974 mchumi Richard Easterlin alionyesha kwamba matajiri wa nchi moja wana furaha kuliko maskini wa nchi hiyo hiyo, lakini Marekani ilitajirika kwa miongo bila furaha kupanda sambamba. Ubishi wa hilo haujaisha na leo siuingii.

Ninachotaka kuzika ni ile hadithi ya dola 75,000. Mwaka 2010 watafiti Daniel Kahneman na Angus Deaton walikuta kwamba, Marekani, hisia za siku hadi siku ziliacha kuboreka kipato cha kaya kilipofika hapo. Hisia za siku! Ngazi iliendelea kupanda, na ni wao wenyewe walioandika hivyo kwenye makala ile ile. Watu wakanukuu nusu. Mwaka 2021 mtafiti mwenzao Matthew Killingsworth akaja na majibu ya watu waliokuwa wakiulizwa hisia zao kwa simu, yaliyoonyesha kwamba hata hisia hazikomi kuboreka. Wazee wetu wangeitana majina. Kahneman na Killingsworth walikaa meza moja na mtafiti Barbara Mellers kama mwamuzi, na mwaka 2023 wakatoa jibu: kukoma kupo, lakini kwa kundi la takriban asilimia 20 wasio na furaha kuliko wote. Kwa hao kuna huzuni ambayo pesa haiifikii. Wengine wanaendelea kupanda.

Kupoteza kazi nako huumiza kuliko mshahara uliopotea. Wachumi Andrew Clark na Andrew Oswald walionyesha kwa data za Uingereza mwaka 1994 jinsi kukosa kazi kunavyomshusha mtu, na tangu hapo jambo hilo limerudi tena na tena. Kazi ni mahali pa kwenda asubuhi, na jibu la kumpa mkwe.

Nina shaka zangu pia, na ni za kweli. Deaton alionyesha 2012 kwamba dodoso la Gallup la Marekani lilipouliza kwanza mambo ya siasa, watu walishuka kwenye ngazi kwa kiasi kinachokaribia athari ya kukosa ajira. Mpangilio wa maswali tu! Tangu niisome, kila nikiona nchi mbili zimepishana nukta mbili tatu baada ya desimali, nageuza ukurasa. Wala sina hakika kwamba 7 yako na 7 yangu ni kipandio kimoja. Wastani wa watu wengi hupunguza tatizo hili, haulimalizi.

Yule bwana wa sherehe nilimchorea ngazi kwenye karatasi ya kufutia mikono. Akajiweka 8. Nikamwomba amweke na mlinzi wake, yule anayecheka kila asubuhi akimfungulia geti. Aliishika kalamu muda mrefu, mwisho akaweka alama kwenye 4, kisha akauliza kama keki imeshakatwa.